Fedha ya Umma Inapovuka Mlango wa Kampuni: Shule za Mkataba za Mtandaoni Nchini Marekani

Makada wengi, na hasa vijana wetu walioko vyuoni, wamezoea kufikiri kwamba huduma ya jamii hutolewa kwa njia mbili: ama Serikali inaitoa yenyewe kwa fedha ya kodi, ama mtu binafsi anaitoa na kumuuzia mwenye uwezo wa kununua. Ubepari wa leo umekwisha kuvuka mgawanyo huo. Umebuni njia ya tatu, ambayo kwa mwenye mtaji ni salama kuliko zote mbili. Huduma inabaki na jina la umma, fedha inatoka katika hazina ya umma, lakini uamuzi na faida vinakaa mikononi mwa kampuni. Hakuna haja ya kumtafuta mteja, maana mlipa kodi amekwisha kulipa.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi njia hiyo inavyofanya kazi katika shule za mkataba zinazofundisha kwa mtandao nchini Marekani. Tumeichagua Marekani kwa sababu ndiko njia hii ilikokomaa, na kwa sababu wakaguzi wa hesabu na mahakama za huko wameacha kumbukumbu zinazomwezesha mtu wa mbali kuona mrija ulipopita.

Kwanza ni lazima tufahamu mfumo wenyewe. Elimu ya umma nchini Marekani haiendeshwi na Serikali Kuu, ambayo kwa kawaida huchangia karibu sehemu moja tu katika kumi ya gharama. Fedha iliyobaki hutoka katika hazina ya kila jimbo na katika wilaya za shule, ambazo hutoza kodi ya majengo na ardhi. Mwaka 1991 jimbo la Minnesota lilipitisha sheria ya kwanza ya shule za mkataba, na majimbo mengi yakafuata. Shule ya mkataba haitozi ada. Hulipwa na umma kwa kila mwanafunzi aliyeandikishwa, na huondolewa masharti mengi yanayozibana shule za kawaida, kwa ahadi kwamba italeta matokeo mazuri. Chombo kinachoitwa mdhamini, mara nyingi wilaya ya shule au taasisi ya elimu, huipa mkataba na kupaswa kuisimamia. Ina bodi yake, na kwenye karatasi haitafuti faida. Lakini sheria za majimbo mengi zinairuhusu bodi hiyo kukodi kampuni ya kuendesha shule yote, kuanzia walimu hadi vitabu. Mtandao ulipoenea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zikazuka shule za mkataba zisizo na darasa kabisa. Mtoto hukaa nyumbani na kompyuta.

Hapo ndipo jambo linapoanza, na linaanza na kuhesabu vichwa.

Katika shule ya kawaida mtoto asiyefika huacha dawati tupu. Mwalimu analiona, jirani anamwona mtoto mtaani, na mkaguzi akija ghafla anaweza kuhesabu kwa macho. Tena, mtoro haileti akiba kubwa shuleni, kwa kuwa darasa ni lile lile na mshahara wa mwalimu ni ule ule. Katika shule ya mtandaoni hakuna dawati. Mwanafunzi aliyeandikishwa na asiyefungua somo hata siku moja anaingiza fedha sawasawa na yule anayesoma usiku na mchana, na gharama yake ni karibu sifuri. Kwa lugha ya mhasibu wa kampuni, mwanafunzi asiyesoma ndiye mwanafunzi bora. Wasomaji wetu wanalijua neno "hewa" linavyotumika katika orodha za mishahara. Basi hapa sheria yenyewe iliweka thawabu kwa mwanafunzi hewa.

Mfano mkubwa ni shule iliyoitwa Electronic Classroom of Tomorrow, kwa kifupi ECOT, iliyofunguliwa katika jimbo la Ohio mwaka 2000 na mfanyabiashara William Lager. Kwa miaka 17 hivi ilipokea jumla ya karibu dola bilioni moja za umma. Mwaka 2016 Idara ya Elimu ya Ohio ilitaka ushahidi wa saa ambazo wanafunzi walisoma. Shule ilikuwa imelipwa kwa hesabu ya wanafunzi kama 15,300 wa muda wote. Idara ilipata ushahidi wa wanafunzi kama 6,300 tu. Ikaamriwa irudishe karibu dola milioni 60 kwa mwaka huo mmoja wa masomo.

Tunaomba msomaji aitazame kwa makini hoja ambayo shule iliipeleka mahakamani. Haikudai kwamba wanafunzi wote walisoma. Ilidai kwamba sheria iliitaka iwape wanafunzi nafasi ya kusoma saa 920 kwa mwaka, na kwamba kama mwanafunzi aliitumia nafasi hiyo au hakuitumia, si jambo la malipo. Mahakama Kuu ya Ohio iliikataa hoja hiyo Agosti 2018, majaji 4 kwa 2. Lakini hoja ilikuwa ya kibepari halisi, na majaji wawili hawakuungana na wenzao katika kuikataa: bidhaa imekwisha kuwekwa rafuni, mnunuzi alipe.

Je, fedha ile ilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kampuni mbili, Altair Learning Management, iliyosimamia shule, na IQ Innovations, iliyouza programu na masomo. Zote mbili zilikuwa za Lager. Kwa hiyo mtu yule yule alikuwa upande wa mnunuzi na upande wa muuzaji, na fedha haikuwa yake. Lager alikuwa pia mchangiaji mkubwa wa kampeni za wanasiasa wa jimbo hilo. Na kuna jambo ambalo tungependa kada yeyote anayeamini kwamba hati safi inatosha alikumbuke: ofisi ya Mkaguzi wa Hesabu wa Ohio iliwahi kuipa ECOT tuzo ya utunzaji mzuri wa hesabu. Hatuna sababu ya kusema kwamba vitabu vile vilikuwa vichafu. Stakabadhi za malipo kwa kampuni zilikuwapo na zilijumlika. Vitabu vya shule viliishia pale kampuni ilipoanzia.

Mlango huo wa kampuni ndio kiini cha suala zima.

Katika jimbo la Oklahoma, shule ya mtandaoni iitwayo Epic iliendeshwa na kampuni ya waanzilishi wake, Epic Youth Services, kwa ada ya asilimia 10 ya mapato. Juu ya ada hiyo, shule iliipa kampuni fungu jingine lililoitwa Mfuko wa Kujifunza, la kiasi cha dola 1,000 kwa mwanafunzi, ili familia zilipiwe vifaa, michezo na mafunzo ya ziada. Fungu hili ndilo lililokuwa chambo cha kuwavuta wazazi. Mkaguzi wa jimbo alipotaka kuona jinsi fungu hilo lilivyotumika, kampuni ilikataa. Ilisema kwamba fedha ikishaingia katika akaunti yake si fedha ya umma tena, ni mali binafsi. Ripoti ya Oktoba 2020 ilieleza kwamba kati ya dola milioni 458 zilizotolewa kwa ajili ya wanafunzi wa Epic katika miaka sita, dola milioni 125.2 ziliishia kwa kampuni. Mwaka 2021 bodi ya shule ilivunja mkataba na kampuni, na Juni 2022 waanzilishi wake walikamatwa na kushtakiwa.

Wapo watakaosema kwamba huo ni wizi wa watu wachache, na kwamba polisi na mahakama zinatosha. Tunawajibu kwa mfano ambao hauna mwizi ndani yake. Huko huko Ohio, kampuni iitwayo White Hat Management iliendesha shule kadhaa za mkataba, ambazo katika kesi hii zilikuwa na majengo na madarasa, kwa mkataba ulioipa asilimia 95 au zaidi ya fedha ya jimbo. Kwa fedha hiyo kampuni ilinunua samani na vifaa vya shule. Bodi za shule zilipotaka kuachana nayo, kampuni ilisema vifaa ni vyake, na kwamba shule zikivitaka zivinunue. Mahakama Kuu ya Ohio iliamua mwaka 2015 kwamba mkataba ndivyo ulivyosema na mkataba ni halali. Umma ulinunua viti, ukatakiwa kuvinunua mara ya pili. Hapakuwa na hati iliyofichwa. Kila kitu kilikuwa wazi katika mkataba, na bodi ziliutia sahihi.

Kwa sababu hiyo tunasema kwamba uwazi hauwezi kutenganishwa na umiliki. Wananadharia wa soko hulizungumza neno uwazi kana kwamba ni dirisha: likisafishwa, mwananchi ataona na mambo yatanyooka. Lakini dirisha hufunguliwa na mwenye nyumba. Chukua kampuni ya K12, iliyoanzishwa mwaka 2000, ikaingia katika soko la hisa la New York mwaka 2007, na tangu 2020 inaitwa Stride. Kwa sheria ya masoko ya mitaji, kila baada ya miezi mitatu humpelekea mwenye hisa taarifa ya mapato na faida. Taarifa hiyo ni ya kampuni nzima. Mzazi anayetaka kujua ni dola ngapi kati ya zilizolipwa kwa ajili ya mwanawe zilimfikia mwalimu, na ngapi zilikwenda kwenye matangazo ya biashara, hawezi kuipata humo. Uwazi upo, ila una anwani yake.

Hoja nyingine tunayokutana nayo ni ya uhuru wa mzazi. Inasemwa kwamba shule mbaya itakimbiwa, na soko litafanya kazi ya mkaguzi. Hatuipuuzi, kwa kuwa wazazi wanaozikimbilia shule hizi wana sababu za kweli. Yuko mtoto mgonjwa, yuko aliyeonewa na wenzake hadi akaogopa kurudi shuleni, yuko kijana anayefanya kazi mchana, na yuko anayeishi mbali na shule yoyote yenye maana. Wengi ni watu wa kipato cha chini. Lakini soko hufanya kazi pale mnunuzi anapotoa fedha mfukoni mwake na kuijua bidhaa. Hapa fedha inatolewa na mlipa kodi, na anayeijua bidhaa ni kampuni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanafunzi wa shule hizi za mtandaoni na wenzao wa hali kama yao katika shule za kawaida za umma. Katika kusoma walikuwa nyuma kwa kiasi cha siku 72 za masomo. Katika hisabati, siku 180, ambao ni mwaka mzima wa shule.

Na msimamizi alikuwa wapi? Mara nyingi yumo katika mgawo. Sheria ya California inamruhusu mdhamini kutoza ada ya usimamizi kutoka katika mapato ya shule anayoisimamia. Wilaya ndogo ya vijijini yenye wanafunzi wachache hupata humo riziki isiyoweza kuipata kwingine, na shule ikikua, ada inakua. Kundi lililojulikana kama A3 lilijenga mtandao wa shule 19 juu ya udhaifu huo. Liliandikisha hata watoto waliokuwa katika michezo ya likizo, na vilabu vyao vikalipwa kwa kila jina. Wengi hawakujua kamwe kwamba ni wanafunzi wa shule fulani. Jimbo lilikuwa limelipa kama dola milioni 400 kabla waendesha mashtaka wa San Diego hawajalifikisha kundi hilo mahakamani Mei 2019. Viongozi wake wawili walikiri makosa mwaka 2021, na zaidi ya dola milioni 200 zilirudishwa. Kuanzia 2020 jimbo lilisimamisha kwa miaka kadhaa uanzishaji wa shule mpya za aina hiyo.

Kesi za Pennsylvania hazina vishindo kama hivyo, na kwa maoni yetu zinafundisha zaidi. Huko wilaya anakotoka mtoto ndiyo inayolipa shule ya mtandaoni, na hadi ukaguzi wa 2025 kiwango kilitokana na gharama za wilaya yenyewe, pamoja na matunzo ya majengo yake. Yaani shule isiyo na paa ililipwa kwa kipimo cha shule yenye paa, na somo lile lile lilikuwa na bei tofauti kwa mtoto wa wilaya moja na wa nyingine. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo alizikagua shule tano na kutoa ripoti Februari 2025. Kati ya 2020 na 2023 mapato yao yalipanda kutoka dola milioni 473 hadi milioni 898, na akiba kutoka milioni 254 hadi milioni 619. Moja kati yao, Commonwealth Charter Academy, ilitumia dola milioni 196 kununua na kukarabati majengo 21. Ukaguzi haukusema kwamba sheria ilivunjwa. Wilaya ya kawaida ya Pennsylvania hairuhusiwi kupandisha kodi ya majengo ikiwa imelimbikiza akiba kupita kiasi. Shule za mtandaoni, wakati wa ukaguzi huo, hazikuwa na ukomo kama huo. Mfanyakazi mwenye nyumba ndogo alipandishiwa kodi ili wilaya yake iweze kulipa, na fedha ikalala kwenye akiba ya shule ambayo hakuichagulia bodi.

Turudi Ohio kwa hesabu ya mwisho. ECOT ilifungwa Januari 2018, katikati ya mwaka wa masomo, na wanafunzi kama 12,000 wakaachwa watafute shule nyingine. Mali zake zilipigwa mnada mwaka huo huo. Juni 2022 Mkaguzi wa Hesabu wa Ohio alitangaza kwamba deni linalopaswa kurejeshwa kwa umma ni karibu dola milioni 117. Aliyepaswa kulilipa kwanza ni shule, na shule haikuwapo tena.