MOTOKAA ILIYOTOKA ZIWANI

Natumaini mwalimu wa darasa amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: kutu, mnada, makumbusho.

Kwanza fikirini mpini wa jembe lililotumika miaka mingi. Pale mkono ulipozoea kushika, mti umekuwa laini, unang'aa. Ukiutazama wajua mkulima alishika wapi. Mtu akiusugua kwa msasa na kuupaka rangi, utapendeza kama mpya, lakini habari ile imefutika.

Ndivyo ilivyo kwa motokaa za kale. Kwa muda mrefu wenye motokaa hizo walipenda kuzifanya mpya: walikwangua rangi, wakabadili ngozi ya viti, wakang'arisha vyuma. Siku hizi wako wengi, hasa Ulaya na Marekani, wanaopendelea motokaa ambayo haikuguswa, yenye rangi iliyopauka na viti vilivyochakaa. Kwa nini? Nitawaeleza kwa habari ya motokaa moja.

Motokaa hiyo ni Bugatti, iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1925. Baadaye ilifika Ascona, mji mdogo wa Uswisi kando ya ziwa la Maggiore. Inasimuliwa kwamba ushuru wake wa forodha haukulipwa, na sheria ikawataka maofisa waiharibu. Basi mwaka 1936 ilitumbukizwa ziwani, imefungwa mnyororo, labda ili iweze kuopolewa siku nyingine. Mnyororo ukaliwa na kutu, ukakatika, na motokaa ikazama zaidi ya mita 50.

Mwaka 1967 mpiga mbizi mmoja aliiona huko chini. Tangu hapo wapiga mbizi wa pale walishuka mara kwa mara kuitazama, wakaiacha mahali pake. Lakini mwaka 2008 kijana mmoja alipigwa na vijana wenzake katika mji wa jirani wa Locarno, akafa. Ukaanzishwa mfuko wa kupinga ujeuri wa vijana, kwa jina la marehemu. Wapiga mbizi wakakata shauri kuiopoa motokaa, iuzwe, na fedha ziingie katika mfuko huo.

Ilitolewa majini Julai 2009. Bati lake lilikuwa limeliwa na kutu na kutobokatoboka. Hata hivyo, Januari 2010 iliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya Euro 260,000. Aliyeinunua alikuwa Mmarekani, Peter Mullin, tajiri mwenye Bugatti nyingine nzuri na uwezo wa kuwalipa mafundi. Lakini hii hakuitengeneza. Aliionyesha kama ilivyotoka ziwani, katika makumbusho yake huko California, ambayo yalifungwa mwaka 2024.

Sasa tutazame sababu. Kama angeitengeneza, angelazimika kubadili sehemu nyingi sana. Angepata motokaa ya kupendeza, lakini vyuma vyake vingi vingekuwa vya juzi. Mtu akiitazama, asingeona tena kwamba ilikaa majini miaka zaidi ya 70.

Sababu ya pili ni elimu ya ufundi. Rangi ya kwanza huonyesha jinsi fundi wa kiwandani alivyopaka, na mshono wa kiti huonyesha jinsi alivyoshona. Fundi anayetengeneza motokaa nyingine ya aina ile huja kutazama ile ambayo haikuguswa.

Sababu ya tatu ni uchache. Kupaka rangi mpya kwawezekana leo, kesho au mwakani. Lakini rangi ya kwanza ikikwanguliwa, hakuna fundi wa kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hata hivyo, msidhani kila kutu ni mali. Motokaa inayobeba watu barabarani lazima iwe na breki, tairi na usukani wa kuaminika. Na ile ya makumbusho huwekwa mahali pakavu, ili kutu isiendelee kuila. Anayehifadhi huzuia uharibifu mpya, bali hafuti alama za zamani. Anayekiacha kitu kinyeshewe mpaka kioze, huyo hakuhifadhi.

Basi, kama nyumbani mna sanduku la babu, au mlango wa zamani uliochongwa, msikimbilie msasa. Waulizeni wazee kwanza kila alama ilitoka wapi, kisha andikeni majibu yao katika daftari.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini motokaa ilitumbukizwa ziwani?
2. Fedha za mnada zilikusudiwa kufanya kazi gani?
3. Kuna tofauti gani kati ya kuhifadhi kitu na kukiacha kioze?
4. Tajeni kitu kimoja cha zamani nyumbani kwenu. Je, mngekifanya kipya? Toeni sababu.