Mashabiki wa Daredevil walikataa kukaa matanga

Alhamisi tarehe 29 Novemba 2018, kampuni ya Marekani ya Netflix ilitangaza kwamba Daredevil haitapata msimu wa nne. Msimu wa tatu ulikuwa umetoka tarehe 19 Oktoba, hata wiki sita hazijatimia. Wengi walikuwa wangali wanautazama na kuusifu. Kiongozi wa waandishi, Erik Oleson, alikuwa amekwisha kuipelekea Netflix mpango wa hadithi ya msimu uliofuata, na Charlie Cox, mwigizaji mkuu, alikuwa anategemea kurudi kazini. Kwa hiyo habari hiyo iliwashangaza watazamaji na watengenezaji wenyewe kwa pamoja.

Watu wengi walilia, wengine wakakasirika. Wako waliosema kwamba wataacha kuilipa Netflix. Lakini kilichofuata ndicho kilichofanya kisa hiki kikumbukwe: mashabiki hawakukubali kwamba mambo yamekwisha. Walifanya kampeni kwa miaka, mpaka wakili wao kipofu akarudi.

Wakili wa mchana, mpiganaji wa usiku

Daredevil ni shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, aliyebuniwa mwaka 1964 na Stan Lee pamoja na mchoraji Bill Everett. Jina lake la kawaida ni Matt Murdock. Alipoteza macho akiwa mtoto, katika ajali ya kemikali, lakini masikio, pua na vidole vyake vikapata uwezo usio wa kawaida. Mchana anatetea maskini mahakamani katika mtaa wa Hell's Kitchen, mjini New York. Usiku anavaa barakoa na kuwapiga wale ambao sheria imeshindwa kuwakamata.

Mfululizo wa televisheni ulianza tarehe 10 Aprili 2015. Cox alicheza nafasi ya Murdock, Vincent D'Onofrio akawa adui yake Wilson Fisk, tajiri anayetaka kuutawala mji mzima. Pembeni walikuwa Deborah Ann Woll na Elden Henson, katika nafasi za Karen na Foggy, marafiki wanaofanya naye kazi katika ofisi ndogo ya mawakili isiyo na pesa.

Mashabiki walipenda kwamba shujaa huyu anaumia. Akipigwa anatoka damu, akipanda ngazi anahema. Ni Mkatoliki anayekwenda kwa padri kuungama, maana anajua kwamba ghadhabu yake yaweza kumfanya awe kama wale anaowapiga. Mapigano yenyewe yalisifiwa dunia nzima. Katika msimu wa tatu kuna pigano la gerezani lililochukuliwa kwa muda wa karibu dakika 11 bila kamera kukatizwa.

Wasioona walikuwa wamepata ushindi wa kwanza

Miaka mitatu kabla ya mfululizo kukatizwa, watazamaji walikuwa wameonja nguvu ya sauti yao. Daredevil ilipotoka, watu wasioona walitambua jambo la ajabu: hadithi ya mtu kipofu imetengenezwa, lakini wao wenyewe hawawezi kuifuata. Katika mapigano marefu yasiyo na maneno walisikia vishindo tu, bila kujua nani ameanguka na nani amesimama. Kilichokosekana kilikuwa maelezo ya sauti, yaani msimulizi anayeeleza kile kinachoonekana pale wahusika wanaponyamaza.

Watetezi wa wasioona walilalamika. Tarehe 14 Aprili 2015, siku nne tu baada ya mfululizo kutoka, Netflix ilitangaza kwamba inaanza kuweka maelezo hayo, na Daredevil ikawa ya kwanza. Tangu hapo huduma hiyo ilienea kwenye filamu na mifululizo mingine mingi. Mwezi wa Januari 2016, Netflix ilifungua huduma yake katika nchi mpya zaidi ya 130, nyingi za Afrika zikiwa miongoni, na mashabiki wa wakili huyo wakaongezeka mbali na New York.

Ushindi huo ulikuwa mwepesi kwa sababu moja: jambo lililoombwa lilikuwa mikononi mwa Netflix peke yake. Mwaka 2018 hali haikuwa hivyo.

Nyumba ya kupanga

Ili kuelewa kwa nini kitu kinachopendwa kinaweza kufungwa, lazima kurudi mwaka 2013. Mwaka huo Disney, mwenye kampuni ya Marvel, alipatana na Netflix kutengeneza mifululizo minne: Daredevil, Jessica Jones, Luke Cage na Iron Fist. Mashujaa hao wangekutana baadaye katika The Defenders. Netflix ilionyesha, lakini wahusika walibaki mali ya Marvel. Ilikuwa kama mtu anayepamba vizuri nyumba ya kupanga.

Mwaka 2017 Disney ilitangaza kwamba itaanzisha huduma yake yenyewe ya kuonyesha filamu kupitia intaneti. Toka siku hiyo, wabia wakawa washindani. Mwezi wa Oktoba 2018, Iron Fist ikakatizwa tarehe 12. Luke Cage ikafuata tarehe 19, siku ile ile msimu wa tatu wa Daredevil ulipotoka. Baada ya Daredevil yenyewe, zamu ya Jessica Jones na The Punisher ikafika mwezi wa Februari 2019. Disney+ ilifunguliwa Novemba mwaka huo huo.

Netflix haikutoa hesabu ya watazamaji wa Daredevil. Ilisema tu kwamba misimu mitatu itaendelea kuonekana kwake, na kwamba mhusika ataishi katika kazi nyingine za Marvel. Kwa mashabiki, maneno hayo hayakuwa faraja. Kulikuwa pia na kikwazo kingine: kufuatana na habari zilizochapishwa na magazeti ya filamu ya Marekani, mkataba ulikataza wahusika hao kutumiwa mahali pengine kabla ya miaka miwili kupita.

Kuhesabu siku

Hapo ndipo kampeni iliyoitwa #SaveDaredevil, maana yake okoeni Daredevil, ilipoanza. Mashabiki walikusanya sahihi, nazo zikapita laki moja. Waliandika barua kwa wakubwa wa makampuni. Walipanga siku na saa za kuandika ujumbe wote pamoja kwenye mitandao, ili jina la mfululizo lionekane kote. D'Onofrio mwenyewe aliwaunga mkono waziwazi, na jambo hilo liliwapa moyo.

Kampeni haikuwa na uwezo wa kuvunja mkataba. Haikuwa na pesa za kutengeneza hata sehemu moja. Kazi iliyoweza kufanya ilikuwa kuzuia usahaulifu. Katika biashara ya televisheni, mfululizo uliokatizwa husahauliwa upesi: waigizaji hupata kazi nyingine, mapambo ya studio hubomolewa, watazamaji huhamia hadithi mpya. Mashabiki wa Daredevil walihesabu miezi mpaka tarehe 29 Novemba 2020, siku ambayo miaka miwili ilitimia, na siku hiyo wakapiga kelele upya.

Jibu lilikawia mwaka mwingine. Mwanzoni mwa Desemba 2021, Kevin Feige, mkubwa wa Marvel Studios, alisema kwamba kama Daredevil atatokea tena, mwigizaji atakuwa Charlie Cox. Siku chache baadaye Fisk wa D'Onofrio akaonekana katika mfululizo wa Hawkeye. Kisha Cox akatokea kwa muda mfupi katika filamu ya Spider-Man: No Way Home, na katika majumba ya sinema watu wakampokea kwa vifijo. Mwezi wa Machi 2022 misimu mitatu ya zamani ilihamia Disney+. Julai mwaka huo, mjini San Diego, Marvel ikatangaza mfululizo mpya: Daredevil: Born Again, jina lenye maana ya kuzaliwa tena.

Kilichorudi na kisichorudi

Furaha ilikuwa kubwa, lakini haikukosa doa. Mashabiki waligundua kwamba Karen na Foggy hawakuwemo katika mpango wa kwanza. Wengi waliuliza: Murdock bila marafiki zake ni Murdock gani? Kazi ya kupiga picha ilianza mwaka 2023, kisha ikasimamishwa na mgomo wa waandishi wa Marekani. Wakati wa mapumziko hayo, wakubwa wa Marvel walitazama yaliyokwisha kuchukuliwa, hawakuridhika. Waliwaondoa waandishi wakuu na kumweka Dario Scardapane, aliyekuwa mwandishi wa The Punisher. Mpango ukabadilishwa, hadithi ikaunganishwa na ile ya zamani, Woll na Henson wakaitwa tena.

Born Again ilitoka tarehe 4 Machi 2025. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Foggy anauawa. Watu waliosubiri zaidi ya miaka sita kumwona tena rafiki huyo walimpoteza ndani ya dakika chache. Wengine walisema kifo hicho kinaipa hadithi uzito. Wengine waliona wamenyang'anywa zawadi wakiwa wangali wanaifungua.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Katika kisa hiki, sehemu ya maji ilizoleka. Daredevil ilirudi na mwigizaji yule yule, adui yule yule na mtaa ule ule, na msimu wa pili ulikwisha kuthibitishwa hata kabla ya ule wa kwanza kutoka. Lakini msimu wa nne aliouandaa Oleson haukutengenezwa. Luke Cage na Iron Fist, zilizokatizwa kabla yake, hazikupata msimu mwingine, ingawa nazo zilikuwa na watu waliozipenda.

Mashabiki wa mifululizo mingine wanaweza kujifunza kitu hapa. Upendo wa watazamaji hauwapi umiliki. Mwenye mali ndiye anayekata shauri. Wasioona walijibiwa kwa siku nne kwa sababu mlango ulikuwa na ufunguo mmoja. Mashabiki wa Daredevil walisubiri miaka mitatu kumwona Murdock tena, kwa sababu ufunguo ulikuwa umefungiwa ndani ya mkataba. Mkataba ulipomalizika, walikuwa bado wamesimama mlangoni, na mwenye nyumba alijua kwamba akifungua atakuta watu.