Kulala Mlimani na Watoto: Tujue Majira Kwanza

Kila shule zikikaribia kufungwa familia kadhaa hutuuliza, "Je, tunaweza kupiga kambi Mlima Kenya na watoto?" Jibu letu ni ndiyo. Lakini mlima una majira yake, na asiyeyajua ataumizwa na baridi.

Januari na Februari anga huwa safi. Lakini usiku usio na mawingu ndio wenye baridi kali, na asubuhi mtakuta barafu juu ya hema. Machi hadi Mei ni masika, ile mvua ya njahi. Barabara za kwenda malangoni huwa matope matupu na nguo ikilowa haikauki. Sisi wenyewe tuliwahi kwenda Aprili na familia kadhaa. Usiku wa kwanza tu, blanketi zote zililowa, tukashuka alfajiri watoto wakitetemeka. Juni hadi Septemba mvua hupungua, ingawa ukungu ni mwingi huku chini. Oktoba hadi Desemba ni vuli. Mvua hupenda kunyesha mchana, basi simamisheni hema mapema.

Kwa hiyo, likizo ya Aprili iacheni. Ya Agosti ndiyo inayofaa wanafunzi.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kama digrii 6. Lango la Sirimon liko karibu mita 2,650, na kambi ya Met Station, upande wa Naro Moru, mita 3,050. Kwa watoto wadogo, kambi ya karibu na lango yatosha. Kilele cha Lenana, mita 4,985, kitawangoja wakue.

Mtoto akilalamika kichwa, akatapika, akakataa chakula, msiseme ni uchovu tu wa safari. Huenda ni ugonjwa wa mwinuko. Msipande zaidi. Hali ikizidi, shukeni naye mara moja, hata kama ni usiku.

Na hili tunawasihi sana: msiingize jiko la makaa ndani ya hema! Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeivuta husinzia, na huenda asiamke tena. Hata jiko linaloonekana kama limezima bado ni hatari. Joto litafuteni kwingine: soksi kavu, sweta mbili, kofia ya sufu, kitu kizito cha kutandika chini, na watoto walale katikati ya wazazi.

Mwisho, chakula kisilale ndani ya hema, maana wanyama hukinusa. Nao moto wa nje uzimwe kabisa kwa maji. Mwezi Machi 2012, wakati wa kiangazi, moto uliteketeza maelfu ya ekari za mlima huo, ambao ndio chemchemi ya mito yetu.

Tukijiandaa hivyo, watoto watarudi nyumbani na hadithi nzuri za kusimulia.