Ini Likiugua, Mapafu Nayo Huumia

"Daktari, nikipanda ngazi za orofa moja tu nahema kama niliyefukuzwa." Hivyo ndivyo alivyoniambia fundi cherehani mmoja wa umri wa miaka 38 aliyefika katika kliniki yangu. Kwa miezi mingi alikuwa akitumia dawa za pumu bila nafuu. Nilipompima tumbo, nilikuta wengu umevimba. Nikamuuliza alilelewa wapi.

"Mwea," akajibu. "Tulikuwa tukiogelea katika mifereji ya mpunga."

Msomaji, jibu hilo lilikuwa na maana kubwa. Minyoo ya kichocho cha tumbo, inayoenezwa na konokono wa majini, hukaa katika mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kuacha makovu. Damu itokayo tumboni ikikosa njia, presha hupanda katika mshipa mkuu uingiao kwenye ini. Wengu huvimba, na damu hutafuta vichochoro vya kando. Kupitia humo, mayai hufika mapafuni. Kuta za mishipa ya mapafu hunenepa, njia ya damu huwa finyu, na upande wa kulia wa moyo husukuma kwa taabu hadi uchoke.

Hali kama hii yaweza pia kumpata mtu ambaye ini lake limeharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B.

Presha ya mapafu haionekani kwa kile kipimo cha kufungwa mkononi. Waweza kuambiwa presha yako ni sawa, kumbe ya mapafu imepanda. Kwa hivyo, ukiwa na ugonjwa wa ini na unahema, unazirai au miguu inavimba, mwombe daktari akutume ukapigwe picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti.

Prazikwanteli huua minyoo, lakini haifuti makovu ya zamani. Zipo dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, ila hutolewa na daktari bingwa, usijinunulie.

Mgonjwa wangu sasa anahudhuria kliniki ya moyo. Nilimwomba pia awalete wanawe wapimwe choo, kwani kila likizo huenda kwa nyanya yao, na mifereji ingali pale. Kwao, tembe za siku moja zaweza kuzuia yaliyompata baba.