Ukifuga Tarantula, Mwenzako Naye Alale

Mumeo akisema anataka kufuga tarantula, usikimbilie kufunga mabegi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamhusudu yule wa rangi ya machungwa, wanayemwita Usambara, jina la milima yetu ya Tanga. Ana mbio, ana hasira, na akikung'ata utaumia vibaya. Amani ya chumbani basi inaanzia kwenye boksi lake.

Chagueni la plastiki ngumu au kioo, mfuniko ubane kisawasawa. Matundu ya hewa yawe madogo kuliko kifua chake, maana kinapopita kifua, mwili wote unapita. Wekeni udongo mkavu sentimita 10 au zaidi ajichimbie, gome la mti na kisahani cha maji. Juu msiache nafasi kubwa. Akianguka, tumbo huweza kupasuka na hapo ndiyo basi tena.

Kwa Mtwara yetu, boksi lisikae dirishani kwenye jua. Miguu ya meza itieni kwenye makopo ya maji, sisimizi wasimpandie. Chumba hicho kisipulizwe dawa ya mbu, na panzi wa kumlisha msiwaokote kwenye mikorosho iliyopuliziwa dawa.

Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10, kwa hiyo kaeni chini mapema. Nani anafungua mfuniko? Watoto watazuiwaje? Kibali je? Ulizeni kwanza ofisi ya maliasili. Na mwenzako akisema moyo wake hauwezi, mwelewe. Fugeni njiwa.