Mali Imeuzwa, Simba Amebaki

Mwaka 1986 kampuni kongwe ya filamu ya Marekani, Metro-Goldwyn-Mayer, ambayo wengi wanaijua kwa herufi tatu tu, MGM, iligawanywa vipande kama mirathi inayogombaniwa. Ted Turner, tajiri wa televisheni kutoka Atlanta, aliinunua nzima kwa takriban dola bilioni 1.5, madeni yakamzidi, na miezi haikupita mingi akaanza kuiuza kipande kimoja kimoja. Viwanja vya studio huko Culver City, California, vikaenda kwa kampuni ya Lorimar. Filamu za zamani, zile zilizoijengea MGM heshima tangu miaka ya 1920, Turner akabaki nazo, maana ndizo alizozitaka kwa ajili ya vituo vyake. Kisha Kirk Kerkorian, yule yule aliyemuuzia, akarudi kununua kilichosalia: kampuni ndogo ya United Artists, jina la MGM, na simba anayenguruma kabla filamu haijaanza. Wakati ule ilionekana Turner ndiye aliyeondoka na nyama, mwenzake akaachiwa mfupa. Mimi naona Kerkorian alikuwa ameelewa jambo ambalo wengi hawakuliona: katika kampuni ile, nembo ilikuwa imeacha kuwa alama ya mali, ikawa mali yenyewe.

Ajabu ya mgeuko huo haionekani mpaka tujue nembo za sinema zilianza kwa kazi gani. Mwanzoni mwa karne ya 20 filamu ziliuzwa kwa futi, na aliyenunua nakala moja hakuzuiwa na kitu kuzalisha nyingine kumi. Alichukua mkasi, akakata kipande cha mwanzo chenye jina la mtengenezaji, akaunganisha chenye jina lake, biashara ikaendelea. Sheria ya Marekani haikuzitaja filamu kama kazi zenye ulinzi wake wenyewe hadi mwaka 1912. Kabla ya hapo watengenezaji walilazimika kuzisajili kama picha za kawaida. Ndiyo maana Wafaransa wa Pathé walimweka jogoo wao ndani ya mandhari ya filamu, na kampuni ya Biograph ya New York ikawa inatundika herufi AB ukutani mwa vyumba vya maigizo. Ukizitazama leo filamu fupi ambazo D. W. Griffith aliwatengenezea Biograph, utaiona alama hiyo ya duara imebandikwa sebuleni, mahali ambapo hakuna mwenye nyumba mwenye akili timamu angebandika kitu. Haikuwa pambo. Mkasi huweza kuondoa jina la mwanzo, lakini haujui kukata ukuta ulio nyuma ya mwigizaji. Nembo ilikuwa na kauli moja tu: filamu hii ina mwenyewe, naye ni fulani.

Simba wa MGM alizaliwa katika mazingira hayo, ila tangu siku za mwanzo uhusiano wake na mwenyewe ulikuwa na walakini. Alibuniwa na Howard Dietz, kijana wa matangazo katika kampuni ya Goldwyn Pictures iliyoanzishwa mwaka 1916. Dietz alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Columbia, ambako timu za michezo huitwa Simba, na wazo akalitoa huko. Akamweka mnyama katikati ya duara la utepe wa filamu unaojikunja kushoto na kulia, na juu ya kichwa chake akaandika kwa Kilatini, Ars Gratia Artis, yaani sanaa kwa ajili ya sanaa: kaulimbiu ya kushangaza kidogo kutoka kwa mtu aliyeajiriwa kuuza tiketi. Mkuu wa kampuni, Samuel Goldfish, aliupenda mno mchanganyiko wa majina uliozaa neno Goldwyn, hata akabadili jina lake la ukoo, akaitwa hivyo mpaka kufa. Lakini mwaka 1924, Marcus Loew, mwenye msururu wa majumba ya sinema, alipoziunganisha kampuni za Metro, Goldwyn na ya Louis B. Mayer, Samuel Goldwyn alikuwa ameshaondolewa na washirika wake. Hakuwahi kuwa na cheo chochote MGM. Jina lake na simba vilihamia nyumba mpya bila yeye, na watu wakaendelea kuamini kwamba yumo ndani.

Huyo simba naye si mmoja. Kwa hesabu inayotumika zaidi ni saba. Wa kwanza wa enzi ya MGM, aliyeitwa Slats, alizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland, na kwa kuwa sinema zilikuwa bubu hakuhitajiwa kunguruma. Aligeuza kichwa tu huku na huku. Mwaka 1928 sauti ilipoingia, akaja Jackie, na katika White Shadows in the South Seas watazamaji wakamsikia kwa mara ya kwanza, ngurumo yake ikitoka kwenye santuri iliyopigwa ukumbini. Rangi zilipokuja walitafutwa simba wa kupigwa picha kwa rangi, na aliyedumu miongoni mwao ni Tanner, aliyefungua filamu za Technicolor tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi 1956. Mwaka 1957 akachukuliwa kijana mwenye manyoya mafupi ya shingoni, akapewa jina la Leo ambalo umma ulikuwa umeshawapa wote waliomtangulia, na picha zake zikatumika kwa zaidi ya miaka 60. Ukizisimamisha picha za Jackie na za Leo pamoja, tofauti iko wazi: Jackie ni mpana wa uso, manyoya yamemfunika kifua, ana utulivu wa mzee, Leo ni mwembamba na ana haraka. Hata hivyo ni nadra mtazamaji kuona kwamba simba amebadilishwa. Watu wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kutabasamu hapa. MGM iliwaleta waigizaji na mafundi wake Kenya, Uganda na Tanganyika kwa ajili ya Trader Horn iliyotoka mwaka 1931, ikarudi kwa King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953, ikapiga picha simba halisi wa nyika. Lakini aliyepewa heshima ya kufungua pazia ni yule aliyefugwa na kufundishwa Marekani.

Sauti ndiyo imechezewa zaidi. Filamu ya Poltergeist ilipokuwa ikitengenezwa, mwaka 1982, fundi wa sauti Mark Mangini alipewa kazi ya kuunda ngurumo mpya, na ndani yake akatia sauti za chui milia, kwa kuwa simba mwenyewe hakutoa ukali uliotakiwa. Mwaka 1986, mwaka ule ule wa mgawanyo, ngurumo ya simba ilisajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya sauti. Mnyama alikuwa ameshakufa zamani, sauti yake imechanganywa na ya mnyama wa bara jingine, na sheria ikatambua kwamba kitu hicho kina mwenyewe. Hatua iliyobaki ilikuwa kumwondoa mnyama kabisa, nayo ikachukuliwa mwaka 2021: simba tunayemwona leo amechorwa na kompyuta kutoka kwenye sura ya Leo, unywele kwa unywele.

Kuna aliyejaribu njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1960 wakuu wa MGM waliona simba amezeeka, wakaagiza mchoro wa kisasa: kichwa cha simba kilichorahisishwa ndani ya duara, hakitikisiki wala hakitoi sauti. Kilifungua Grand Prix ya 1966 na 2001: A Space Odyssey ya 1968, na kwa filamu ya Stanley Kubrick kilifaa sana, kimya na baridi kama anga lenyewe. Kikaachwa haraka. Mchoro ule haukuwa mbaya kwa macho yangu. Kilichokosekana ni kile ambacho mtazamaji alikuwa ameshakizoea kiasi cha kukidai. Ushahidi wa mazoea hayo umo hata katika kuondolewa kwa ngurumo. Mwaka 1959, katika Ben-Hur, mwongozaji William Wyler aliona si adabu simba kunguruma kabla ya kisa cha kuzaliwa kwa Yesu, akaomba mnyama abaki picha mgando. Ukimya ule ulikuwa na maana kwa sababu kila aliyekaa ukumbini alijua nini kilipaswa kusikika. Wachekeshaji nao wakamgeuza mtaji: kampuni ya televisheni ya Mary Tyler Moore, MTM, iliweka mtoto wa paka ndani ya duara akilia nyau, na hakuna aliyehitaji kuelezwa utani uko wapi.

Sasa tazama jinsi wenye mali walivyopishana huku simba akitulia. Kerkorian aliinunua MGM mara ya kwanza mwaka 1969. Mwaka uliofuata mavazi na vifaa vya filamu vikapigwa mnada, vikiwemo viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland katika The Wizard of Oz, vilivyouzwa dola 15,000. Mwaka 1973 kampuni ikaacha kusambaza filamu zake yenyewe, na mwaka huo huo Kerkorian akafungua hoteli na kasino ya MGM Grand huko Las Vegas. Fedha za sinema zikageuka meza za kamari. Hoteli za jina hilo leo ziko chini ya kampuni nyingine kabisa isiyotengeneza filamu, na simba yumo huko pia, safari hii wa shaba. Baada ya mgawanyo wa 1986 alikuja Mwitaliano Giancarlo Parretti, mwaka 1990, akashindwa kulipa, benki ya Kifaransa ya Crédit Lyonnais ikaikamata kampuni; Kerkorian akainunua tena mwaka 1996, mara yake ya tatu. Mwaka 2005 ikaenda kwa kundi la wawekezaji wakiongozwa na Sony, mwaka 2010 ikaomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika, na Machi 2022 Amazon ikailipia takriban dola bilioni 8.5. Hata viwanja vya Culver City, ambako simba alikuwa na makao, leo ni studio za Sony.

Atakayenipinga atasema nimeshika sikio nikaacha ng'ombe. Amazon, atasema, haikutoa mabilioni kwa ajili ya simba. Ilitaka James Bond, Rocky, na filamu nyingine zaidi ya 4,000 za kujaza huduma yake ya intaneti. Nakubali kwamba bila filamu hizo mnunuzi asingetoa bei ile. Lakini tazama ni filamu gani. Bond na Rocky zilikuwa za United Artists, hazikuzaliwa chini ya simba. Zile zilizomfanya simba aheshimiwe, The Wizard of Oz, Singin' in the Rain, Ben-Hur, zilibaki kwa Turner, kupitia kwake zikaingia Time Warner mwaka 1996, na huko Warner ndiko zilipo. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 35 simba amekuwa akila sifa ya filamu zisizo zake, kisha anaikopesha sifa hiyo kwa filamu alizokuta njiani. Na Amazon, yenye jina linalojulikana karibu duniani kote, mwaka 2023 iliona bado ni lazima kujiita Amazon MGM Studios katika upande wa filamu. Disney walifanya jambo la aina hiyo hiyo mwaka 2020: walifuta neno Fox kwenye studio waliyoinunua, lakini mataa yanayomulika angani na tarumbeta alizotunga Alfred Newman mwaka 1933 hawakuthubutu kuyagusa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Inasemwa kwamba kizazi kinachotazama kwenye simu kinaruka utangulizi kwa kidole, kwa hiyo nembo ya sekunde kumi haina wa kuitazama. Ni kweli nembo nyingi zimefupishwa, na kwenye matoleo ya nyumbani ukitaka kuifikia The Wizard of Oz unapitia kwanza ngao ya Warner kabla hujamwona simba wa kampuni iliyokwisha kuipoteza. Lakini nembo haikuwahi kutegemea kutazamwa kwa makini. Inatenda kazi kwa kurudiwa, nyuma ya mazungumzo na mlio wa karanga zinazobanguliwa, na huo mpangilio wa ajabu wa ngao kisha simba unaonyesha jinsi ilivyoacha kabisa kazi ya awali. Nembo iliyozaliwa kumtaja mwenye filamu sasa inasimama mbele ya filamu ikimtaja asiyekuwa mwenyewe, na Warner hawana haja ya kuikata. Inatueleza filamu ilitoka enzi gani na ilitengenezwa kwa kiwango gani, na kwa mtazamaji habari hiyo ina faida kuliko jina la mwenye hati.

Sheria nayo inaelekea kumpendelea simba. Hakimiliki ya filamu za zamani za Marekani hudumu miaka 95, kisha filamu huwa mali ya umma. He Who Gets Slapped, filamu ya kwanza kutengenezwa na MGM, ya mwaka 1924, ilishakuwa ya wote mwaka 2020, na nyingine za enzi ya bubu zinaifuata kila Januari. The Wizard of Oz itafika hapo Januari 1, 2035. Alama ya biashara haina ukomo wa namna hiyo. Hudumu maadamu mwenyewe anaitumia na kuilipia usajili. Hivyo kuanzia siku hiyo yeyote ataweza kunakili na kuuza safari yote ya Dorothy, msichana wa filamu hiyo, bila kumwomba Warner ruhusa, lakini kwa zile sekunde za mwanzo atafanya vyema kumwona wakili, kwa sababu mnyama anayenguruma pale ana mwenyewe mwingine, na mwenyewe huyo hana tarehe ya kumwachia.