Samaki wa tangi jipya: tibu maji kwanza

Tangu nihamie Kitengela kutoka Mombasa, majirani huniuliza: samaki wa tangi jipya anahema juujuu, nimpe dawa gani? Ndugu msomaji, mara nyingi anayeumwa ni maji. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wa kuiondoa huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana. Maji ya visima vingi huku Kajiado yana hali ya magadi, na humo amonia huwa sumu kali zaidi. Punguza chakula, badilisha robo ya maji kila siku. Maji ya mfereji yalaze ndooni siku nzima klorini itoke. Dawa ya kuua vijidudu yaweza kuwaua bakteria hao, samaki akabaki kwenye sumu ileile.